Vijana wa Kisiki

Siku ya kumzika Titus, watu wa Butali waliangalia vitu viwili: jeneza, na macho ya mdogo wake. Jeneza lilishuka bila matata. Macho ya Chrispinus yalibaki makavu, kama ya mtu anayesubiri miwa yake ipimwe.

Kule Kabras kilio si kazi ya wanawake peke yao. Mwanamume akifiwa huanza kulia akiwa bado barabarani, mikono kichwani, na akiufikia mwili husimama akazungumza nao. Humwita marehemu kwa jina la ukoo. Humkumbusha siku walizolala na njaa pamoja, humgombeza kwa kuondoka bila kuaga. Mjomba wao, mtu wa makamo aliyestaafu polisi, alilia siku hiyo mpaka kofia ikamdondoka, na hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja aliiokota, akaishika kwa heshima mpaka mjomba alipomaliza. Mtu akilia hivyo husifiwa miaka mingi baadaye. Asipolia, watu huulizana kwa nini, ila si mbele yake.

"Huyo ana neno," mwanamke mmoja alisema karibu na masufuria.

"Neno gani? Ni roho ngumu tu."

"Roho ngumu hutoka wapi? Ndugu wa tumbo moja! Hata mimi nimelia, na Titus alikuwa anavunjanga mahindi yangu akipita."

Chrispinus alikuwa nyuma yao, amebeba viti vya plastiki vinne kwa kila mkono. Alisikia kila neno. Aliendelea kubeba viti. Kooni mwake palikuwa na kitu kama kokwa la parachichi, kimekaa tangu mochari, hakipandi wala hakishuki. Wendy, mkewe, alimfuata mpaka nyuma ya hema.

"Baba Brian, nenda kwa kaburi useme kitu. Hata kama ni uongo. Mama yako anakuangalia."

"Nitasema nini?"

"Wewe ndiye ulikuwa ndugu yake. Mimi niliolewa tu."

Hakwenda.

Kumwelewa lazima mtu arudi nyuma, kwenye banda la mabati lililokuwa kando ya soko la Butali wakati Chrispinus na Titus walipokuwa wavulana. Banda lilikuwa la Abu, mtu wa Mumias aliyehamia pale na televisheni, deki na jenereta lililopiga kelele kuliko filamu zenyewe. Jumapili, kanisa likishatoka, wavulana walibanana kwenye mabenchi ya mbao za mabanzi, magoti kwa mgongo wa aliye mbele.

Siku moja, ndani ya fungu la sidii za mitumba, Abu alipata moja isiyo na jalada wala jina. Watu waliomo walisema lugha ambayo hakuna aliyeijua, na chini hapakuwa na maandishi. Abu, aliyejivunia Kiarabu chake cha chuoni na Kihindi cha kuokoteza dukani, alisikiliza dakika chache akainua mikono. "Wallahi hii si Kiarabu, si Kihindi. Hawa ni watu wa Mungu tu. Tazameni kwa macho."

Wakatazama kwa macho. Palikuwa na mvunja mawe mrefu, amezungusha skafu ya kijivu shingoni. Majambazi waliteketeza kijiji chake. Alimzika ndugu yake peke yake, akafuta koleo kwenye nyasi, akaondoka bila kugeuka. Alichomwa kisu pajani. Akafunga jeraha kwa ile skafu, akaendelea kupanda mlima. Mwanamke alimlilia kifuani, naye akatazama mlima. Filamu nzima hakusema maneno ya kujaza ukurasa. Kwa kuwa hawakujua jina lake, wavulana wakamwita Kisiki.

Filamu za mapigano walikuwa wameona nyingi, na wakazisahau. Hii waliirudia Jumapili baada ya Jumapili, mpaka wakajua ni wapi Kisiki atapepesa macho. Wageni waliopita sokoni walishangaa: wavulana wote hawa, kimya kama wako kwenye mtihani, wanatazama filamu isiyoeleweka. Lakini ilieleweka. Baba zao walikuwa wakilalamika tangu wavulana hao wazaliwe. Miwa imechelewa kuvunwa, imekaukia shambani, imelala kwenye foleni ya kiwanda mpaka ikapoteza uzito. Walilalamika nyumbani, walilalamika kwenye mikutano ya chifu, wakafa wakilalamika, na hakuna kilichobadilika. Sasa vijana wao walimwona, kwa mara ya kwanza, mwanamume asiyelalamika. Wakadhani amejua siri.

Titus ndiye aliyeanza. Alikuwa mkubwa, mwenye mabega, na mdogo wake alimfuata kama trela linavyofuata trekta. Kijana akijigonga kidole, Titus alimwambia, "Kisiki," na yule akanyamaza. Msichana akimwacha mtu, wenzake walimpita wakasema, "Kisiki," basi, mambo yamekwisha. Ilikuwa pole yao, na ilikuwa amri. Walianza kujibu salamu kwa kuinua kidole kimoja. Walivaa skafu juani. Mwalimu mmoja alipomchapa Kibiwott, mvulana wa Kinandi ambaye baba yake alikuwa fundi kiwandani, Kibiwott alitazama dirishani mpaka mwalimu akachoka mwenyewe, na sifa zake zikafika hadi Malava.

Banda la Abu lilikufa simu zilipoingia. Abu akarudi Mumias kuuza vipuri vya pikipiki. Wavulana walikua wanaume: Titus akawa mkataji wa miwa, Chrispinus na Kibiwott wakaendesha matrekta. Skafu zilichakaa. Ila lile neno lilibaki midomoni mwao, na kimya kile kiliingia nao kwenye nyumba walizojenga.

Wendy alikutana nacho mapema. Alipojifungua mtoto wa kwanza, baada ya uchungu uliokaribia kumuua, mumewe aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama mtoto, akauliza kama kuna kitu kinahitajika, akatoka. "Ulikuja kama mtu amekuja kulipa stima," Wendy alimwambia baadaye. Alicheka akisema hivyo. Chrispinus hakumwambia kwamba alipotoka alikaa nyuma ya tangi la maji mpaka mlinzi akamuuliza kama ni mgonjwa. Angemwambia vipi? Hakuwa na maneno ya kazi hiyo. Hakuwahi kuyasikia kutoka kwa mtu aliyemheshimu.

Titus hakuoa. Aliishi ndani ya ua wa mama yake, kwenye simba, ile nyumba ndogo ambayo kijana hujenga akishapita umri wa kulala kwa wazazi, na mama yao aliendelea kumpelekea obusuma, ugali wa kwao, jioni kama angali wa shule. Watu wote walimwita Mama Titus, kwa jina la kifungua mimba wake, na aliitika jina hilo kwa namna iliyoonyesha kwamba analipenda.

Msimu uliopita wa kukata miwa, panga lilimteleza Titus likamla mguu, nyuma, chini ya goti. Chrispinus alikuwa ameegesha trekta kandokando ya shamba, akisubiri kupakiwa. Alimwona kaka yake ametoka kwenye safu ya wakataji, amekaa juu ya rundo la majani makavu, anamimina dizeli juu ya nyama iliyo wazi.

"Hiyo ni mbaya," Chrispinus alisema.

"Ni mkwaruzo." Titus alijifunga na kitambaa cha shingoni, akakaza kwa meno. Halafu akatabasamu, upande mmoja tu wa mdomo, kama yule mtu wa filamu. "Usimwambie mama. Ataanza mambo ya sindano na maombi."

Na Chrispinus akasema neno lile. Alilisema kwa mapenzi. Hakuwa amewahi kumpenda kaka yake kama wakati ule, alivyosimama kwa mguu wenye damu, akashika panga, akarudi kwenye safu.

Titus aliendelea kukata. Alivaa suruali ndefu nyumbani ili mama yake asione. Kidonda kilifunga juu, na wote wawili wakakisahau, au walijifanya kukisahau. Kisha asubuhi moja taya likakataa kufunguka. Mama alidhani ni jino. Shingo ikakaza, mgongo ukajipinda kama upinde, na kila mlango ulipogongwa mwili mzima ulishtuka. Chrispinus alikuwa kwenye foleni ya kiwanda. Alipopata habari, mama alikuwa tayari amempakia Titus kwenye gari la jirani kwenda Kakamega. Daktari alimtazama akasema pepopunda, akauliza kidonda kiko wapi. Mama akasema hakuna kidonda, mwanangu nimemwona kila siku. Wakamvua nguo wakakipata, kovu dogo jekundu, limejifunga vizuri. Titus alikuwa na akili zake zote. Macho yake yalimtazama mama yake. Mdomo haukuweza kusema hata akitaka.

Alikufa kabla ya wiki kuisha.

Tangu siku hiyo Mama Titus alikuwa na swali moja. Aliwauliza wakataji wenzake, akamuuliza mwenye shamba, akamuuliza Wendy, akawauliza watoto wanaochunga ng'ombe njiani. "Nani aliona kidonda cha mtoto wangu?" Wakataji walisema kila mtu hutazama safu yake. Mwenye shamba alisema yeye hakuwepo. Chrispinus mwenyewe, mama alimuuliza mara moja tu, kwenye ukumbi wa hospitali, naye akatazama dirishani. Mama alidhani ni uchungu unaomziba. Kisha mazishi yakaja, akaona macho yale makavu, na kitu kikabadilika usoni mwake. Uvumi nao ulikuwa ukimfikia, maana hauwezi kumkosa mtu kijijini: kwamba sasa shamba lote ni la Chrispinus, kwamba ndugu wengine hutolewa kafara. Hakuyaamini maneno hayo. Lakini hakumpikia tena. Akimpa chai alituma mtoto.

Chrispinus alijaribu kumwambia. Alisimama jioni kwenye mlango wa jikoni, akamwona ameinama anachambua mboga za mrenda, akafungua mdomo. Kokwa lile likapanda, na yeye akafanya alichozoea kufanya tangu utotoni. Akaliminya chini. "Kuna kuni?" akauliza.

"Ziko."

Akaenda zake.

Siku ya kunyoa ilifika. Baada ya mazishi, ukoo hukutana tena uani kunyolewa nywele za msiba, na wazee hupata nafasi ya kusikia maneno yote ya marehemu: alikufaje, aliacha nini, nani ana la kusema. Asubuhi ilikuwa na jua kali. Viti vifupi vilipangwa mbele ya nyumba. Anayenyoa alikuwa Senge Awinja, dada wa baba yao, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo usio na breki, ambaye aliweka wembe mpya kwa kila kichwa na kumpa kila mwenye kichwa utani wake.

"Wewe, hii ni nywele ama ni brashi ya viatu?" alimwambia mjomba polisi, na mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu kifo.

Mama alinyolewa kwanza. Bila nywele alionekana mdogo, kama msichana aliyetoka kuugua. Akakaa kando, leso kichwani, akitazama wengine. Ikafika zamu ya Chrispinus. Senge alimlowesha, akampaka sabuni mpaka kichwa chote kikawa povu, akafungua wembe.

"Huyo acha," mama alisema.

Senge aligeuka. "Acha nini?"

"Wanaonyolewa ni wafiwa. Huyo hakufiwa."

Mahali fulani nyuma ya nyumba kuku alikuwa akipiga kelele za kutaga.

"Mama Titus," mzee mmoja alianza, kisha akasita, kana kwamba jina lenyewe limemchoma ulimi. "Dada. Tusifanye hivyo. Kila mtu hulia kwa njia yake."

"Alililia wapi? Mnionyeshe. Mimi nimezaa vijana wawili. Mmoja yuko pale chini. Huyu mwingine alibeba viti."

Wendy alianza kulia. Chrispinus alikaa kwenye kile kiti kifupi, magoti karibu na kidevu, povu likimshuka shingoni. Karibu na ua wa nyasi walisimama wanaume kadhaa wa rika lake, waliokuja kwa heshima ya Titus, Kibiwott akiwa mbele yao. Kibiwott alimwona mwenzake anavyoaibishwa mbele ya ukoo, na akampa kitu pekee alichokuwa nacho. Alisema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa:

"Kisiki, bro. Kaza."

Ni hapo Chrispinus alipolisikia neno lile kama lilivyosikika kule shambani, likitoka kwenye kinywa chake mwenyewe, likimrudisha Titus kwenye safu.

"Mimi niliona kidonda," alisema.

Mama hakuelewa mara moja. "Kidonda gani?"

"Ya mguu. Panga ilimteleza. Alikaa kwa majani, akamwagia dizeli, akafunga na kitambaa. Nilikuwa hapo."

"Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa na trekta."

"Akakuambia nini?"

"Alisema usiambiwe."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Angeweza kusema hakumwambia kitu. Hakuna aliyekuwepo isipokuwa Titus. "Nilimwambia, Kisiki."

Mama aliwatazama wazee, akamtazama Senge, kama mtu anayetafuta wa kumtafsiria. "Kisiki ni nini?"

Chrispinus alitafuta pa kuanzia. Miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulazimika kulieleza. "Ni mtu wa filamu, mama. Ile ya kwa Abu. Tulikuwa tunaiangalianga tukiwa wadogo. Alidungwa kisu akafunga na skafu, akaendelea."

"Mtu wa filamu."

"Ndiyo."

"Huyo mtu," mama aliuliza polepole, "yeye alipona?"

"Alipona."

Kibiwott alitazama chini.

"Dispensari iko hapo," mama alisema. Alinyoosha mkono kuelekea barabarani, na watu wakageuka kutazama, ingawa kila mmoja alijua ilipo. "Hapo tu. Sindano ni moja. Ningembeba mgongoni, Chrispinus. Mtu mzima na ndevu zake, ningembeba, wacheke wanaocheka. Nilikuwa jikoni. Nilikuwa nampikia. Kila jioni nilibisha mlango wake nikampa chakula, akapokea amesimama, nikasema afadhali kijana wangu ana nguvu." Sauti ilimkatika. "Alisema nisiambiwe, ukamtii. Mimi nilikuwa nani?"

"Mama—"

"Mimi nilikuwa nani kwenu?"

Aliinuka, akaingia ndani, na kilio kilichotoka humo kilikuwa kipya, si kile cha mazishi. Wanawake waliokimbilia mlangoni walisema baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba Titus amefariki asubuhi ileile. Alimwita mwanawe kwa jina la ukoo, akamgombeza, akamuuliza ni aibu gani aliyoiona kwake hata amfiche mguu aliomwosha mwenyewe akiwa mchanga.

Na pale kitini, Chrispinus akalia. Hakujua inavyofanywa. Ilimtoka kama kikohozi kwanza, mikwaruzo mifupi, mdomo wazi, mabega yakiruka. Kisha kokwa lile likatoka na sauti ikalifuata, sauti kubwa mbaya ya mtoto aliyeanguka, na akamwita Titus, Titus, Titus, bila neno lingine, maana maneno mengine hakuwa nayo. Katika vilio vyote vya Kabras daima kuna mtu wa kumshika anayelia, wa kumwambia basi, basi, inatosha. Mjomba polisi alipiga hatua moja mbele, akatazama mlango wa nyumba, akasimama. Wendy alikuwa ndani na mama. Wazee walikohoa, wakatafuta bakora zao. Kule uzioni wanaume wa rika lake waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Kibiwott ndiye aliyebaki mwisho, ameshika uzio kwa mikono miwili, midomo ikimcheza, kisha naye akaenda upesi, karibu akimbie.

Senge Awinja alibaki na wembe mkononi. Povu lilikuwa limeanza kukauka juu ya kichwa cha Chrispinus, likifanya magamba meupe.

Muda ulipita. Kilio cha ndani kilipungua, kikawa kuguna, kikaisha. Mama akatokea mlangoni, leso imemdondokea mabegani, kichwa chake kitupu kiking'aa juani. Hakumtazama mwanawe. Aliangalia wembe.

"Awinja," alisema. "Malizia kichwa ya huyo mtu. Sabuni inamkaukia."

Akarudi ndani, akafunga mlango.